Joho jeusi, jua la utosini: mwongozo wa picha za watu kwa mpiga picha wa wikendi

Ukitaka kujifunza haraka kupiga picha za watu, ingia kwenye msimu wa mahafali. Novemba ya Dar es Salaam inakupa kila kigumu kwa mkupuo: joho jeusi, kofia inayotupa kivuli machoni, jua la utosini, na mteja ambaye mara ya mwisho kukaa mbele ya kamera ilikuwa picha ya pasipoti. Ukimmudu huyo, dada wa sendofu na mzee anayetaka picha ya kutundika sebuleni hawatakusumbua. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ajira yake Jumatatu hadi Ijumaa, kamera moja, na hamu ya kuona Jumamosi ikimlipa.

Msimamo wangu nauweka mapema: picha ya mtu inaamuliwa na pale ulipomsimamisha. Mambo ya kamera yanafuata.

Hatua ya 1: Vifaa, tumalizane navyo

Kamera yoyote inayobadilisha lenzi inatosha, hata ya mtumba. Lenzi tafuta 50mm ya f/1.8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Canon, Nikon na Sony wanayo, na mara nyingi huwa miongoni mwa lenzi zao za bei ya chini. Kwenye kamera ya sensa ya APS-C, ile ndogo iliyomo kwenye kamera nyingi za bei nafuu, inaona kama 75mm au 80mm, kipimo kinachoupendelea uso. Kama huna, ile ya 18-55 iliyokuja na kamera ivute hadi 55. Ukimsogelea mtu kwa 18 pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Kosa hapo ni ukaribu wako, kwa hiyo simama mita mbili hivi, kisha chagua lenzi inayojaza fremu kutokea hapo. Flashi, stendi na taa ya duara zisubiri kwanza. Wanaoanza kwa kununua taa wengi wao hawajawahi kuchunguza mwanga wa mlangoni kwao.

Hatua ya 2: Tafuta mwanga kabla mteja hajafika

Fika mapema. Nyosha mkono mbele yako, kunja ngumi, kisha zunguka taratibu papo hapo ukitazama mwanga unavyoangukia vifundo vya vidole. Kuna upande ambapo vivuli kati ya vifundo ni vyeusi tii na vina ukingo mkali. Endelea kuzunguka hadi vilainike. Upande huo ndio uso wa mteja utakaoelekea.

Saa sita mchana wa Novemba jua la Dar liko karibu kabisa utosini. Macho yanageuka mashimo, pua inadondosha kivuli mdomoni, na ukingo wa kofia ya mahafali unamalizia kazi. Usibishane na jua hilo. Tafuta kivuli kilicho wazi upande mmoja: baraza, mlango mpana wa duka, korido ya chini ya ghorofa, turubai jeupe. Msimamishe mteja ndani ya kivuli, hatua moja tu kutoka ukingoni, uso ukitazama nje kwenye mwangaza. Sakafu ya saruji au mchanga mweupe ulio juani mbele yake utarusha mwanga kwenda juu, uingie chini ya kidevu na chini ya ukingo wa kofia. Hiyo ni reflekta ya bure. Ardhi ikiwa nyeusi, mpe rafiki yake kanzu au shuka nyeupe aishike usawa wa kiuno. Kisha chungulia machoni: ukiona nukta nyeupe kwenye mboni, umepata mahali. Usipoiona, mgeuze au mhamishe.

Kivuli cha mwembe kila mtu hukikimbilia, mimi nakikwepa. Majani yanapitisha madoa ya jua, moja litatua puani na jingine begani, halafu mwanga uliochujwa na majani unatia ngozi ukijani unaochosha kuuondoa. Kuta za rangi kali nazo zina ujanja huohuo. Mtu aliyesimama karibu na ukuta wa bluu ataondoka na ubluu shavuni.

Jioni ni rahisi zaidi, ila ni fupi. Video nyingi za Ulaya husifu saa nzima ya mwanga wa dhahabu. Huku karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na mwanga wenyewe hukaa dakika 40 hivi. Katikati ya Novemba Dar jua huzama mnamo saa 12:20 jioni. Mwambie mteja saa 10:30. Kwa foleni ya Morogoro Road atafika saa 11:15, na bado mtakuwa na muda.

Hatua ya 3: Mipangilio

Tumia hali ya A (au Av), ambapo wewe unachagua apecha, yaani tundu la lenzi, na kamera inachagua spidi. Weka f/2.8. Hiyo f/1.8 uliyoilipia inavutia, lakini ukiwa karibu jicho moja linakuwa kali na la pili linafifia. Spidi ya shata isishuke chini ya 1/200 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipandishe inapobidi. Fokasi weka kwenye jicho lililo karibu nawe. Piga RAW, faili ghafi linalokuachia nafasi ya kurekebisha mwanga baadaye, si JPEG peke yake, kwa sababu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Ngozi nyeusi na kipima mwanga

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinachokitazama. Kinachukulia kwamba vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha katikati, na kinaivuta picha kuelekea huko. Mtu mweusi ndani ya joho jeusi mbele ya mlango wenye giza: kamera inaona giza limezidi, inaongeza mwanga, joho linakuwa la majivu na uso unapauka. Mtu huyohuyo mbele ya anga jeupe: kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, uso unazama. Kwa hiyo wa kwanza mshushie fidia ya mwanga (ile alama ya +/- kwenye kamera) hadi -0.7 au -1, wa pili mpandishie +1 au zaidi. Piga moja ya majaribio, ikuze kwenye skrini hadi uone paji la uso, na uwashe lile onyo la kupepesa linaloonyesha sehemu zilizoungua. Likipepesa kwenye paji au ncha ya pua, punguza kidogo.

Mng'ao wenyewe usiuogope. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: mstari wa mwanga kwenye shavu ndio unaoleta sura. Adui ni jasho, maana tone moja linaungua kabla ya kitu kingine chochote. Beba tishu, mpe mteja ajikandamize polepole bila kusugua. Ukitumia flashi, muulize kuhusu poda, kwa kuwa zile zenye silika hugeuka vumbi jeupe usoni flashi inapopiga hata kama kwa macho zilionekana sawa.

Anayekwambia ngozi nyeusi ni ngumu kupiga anarudia lawama ya zamani. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Filamu na mashine vilipangwa kwa ngozi moja, kisha nyingine zikaambiwa ndizo zenye shida.

Hatua ya 5: Muongoze mtu

Hapa ndipo wengi hukwama. Mhitimu amesimama kama mwanajeshi, mikono imeganda, tabasamu la meno yote. Ukimwambia "kuwa huru tu" anakakamaa zaidi. Mpe kazi za mwili, moja moja: "Kaka, weka uzito mguu wa nyuma. Geuza mabega kidogo kulia. Sasa nitazame mimi, mabega yabaki hukohuko." Halafu tanguliza paji: aulete uso mbele kidogo, ashushe kidevu kiasi. Kwake itakuwa kama kichekesho, kwenye picha taya linachorwa vizuri na shingo inanyooka.

Kofia ivaliwe sawa kichwani, kisha irudishwe nyuma upana wa kidole mwanga ufike machoni. Mwenye miwani ainue mikono ya miwani kidogo juu ya masikio. Vioo vitainama na kile kiakisi cha dirisha kitatoweka. Mwenye hijabu, angalia mkunjo wa pembeni usimfunike shavu upande wa mwanga.

Nguo ya mteja usiiguse. Karibu kila mhitimu huja na mtu, na mtu huyo ni msaidizi wako: "Shikamoo mama. Naomba umwekee sawa kola, imelala upande." Mama atarekebisha kola, atafuta vumbi begani, atasema neno la chinichini, na binti atacheka. Kidole kiwe kwenye kitufe wakati huo. Picha zinazoishia fremu ya sebuleni hutoka hapo, mara nyingi kabla hujasema "tayari".

Hatua ya 6: Nyuma ya mtu

Msogeze mbali na ukuta, mita mbili au tatu, ili mandhari yalainike. Angalia nguzo ya umeme isiote kichwani. Joho jeusi mbele ya ukuta mweusi humezwa, kichwa kikabaki kinaelea.

Ukikosa mahali, tundika kitenge au shuka. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alipigia uani kwa mwanga wa jua mbele ya vitambaa vya maua, kimojawapo shuka ya kitanda chake mwenyewe. Kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Zitazame picha zake kabla ya kununua mandhari ya plastiki.

Hatua ya 7: Kuchagua, kuhariri, kukabidhi

Chagua 15 au 20, basi. Ukimpa 200 umemkabidhi kazi yako aifanye yeye. Anza na uwiano wa rangi: chukua kitu cheupe kilichomo kwenye picha, mfano kola ya shati, ukitumie kama kipimo. Kisha mwangaza. Chunusi ya wiki hii ondoa, alama ya kuzaliwa na makunyanzi acha. Usimng'arishe mtu rangi bila yeye kuomba, na akiomba muulize mara mbili.

WhatsApp hupunguza ubora wa picha zikitumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo tuma kama dokumenti, au tumia kiungo. Nakala weka sehemu mbili kabla hujafuta kadi.

Hatua ya 8: Hela na ridhaa

Chukua nusu ya malipo kabla ya siku yenyewe. Unapopanga bei, hesabu saa za kuhariri na nauli, maana saa moja ya kupiga huzaa kadhaa za kompyuta. Idadi ya picha na siku ya kukabidhi iandike kwenye ujumbe, hata kama mteja ni binamu yako. Hasa akiwa binamu.

Kabla ya kuweka picha mtandaoni kujitangaza, pata ruhusa ya maandishi. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mwaka huohuo Kenya kamishna wa ulinzi wa data aliitoza faini shule moja kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kama bado huna mteja, wikendi hii mwombe jirani mmoja, mlango mmoja, saa moja. Mpige akiwa anautazama mwanga, kisha ubavu, kisha mgongo ukiwa kwenye mwanga, kila mara kwa fidia tatu: -1, 0 na +1. Zipange tisa zote kwenye skrini ukiwa naye pembeni, umwache achague inayomfanana. Hiyo msafishie kwenye karatasi, umpelekee.