Jinsi ya kuangalia TV na vijana wako bila kuwafokea, mpaka waanze kuona wenyewe wanawake wanavyochorwa

Mimi sijasomea haya mambo, ni mama mdogo tu nakaa na watoto wawili wa dada yangu, binti wa miaka 14 na kaka yake wa 16. Siku moja binti kaniomba hela ya losheni, kumbe mkorogo wa kujichubua ngozi iwe nyeupe. Nikaanza kugomba, akaniuliza taratibu, mama mdogo umeshaona video ya Bongo Fleva ambayo demu anayeimbiwa ni mweusi tii kama mimi? Nikabaki nimekodoa macho.

Simu usiwanyang'anye, nilijaribu wakawa wanaenda kuangalia kwa jirani. Kaa nao.

Anzeni na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Chukueni karatasi, kila anayeongea kwenye maiki mnamtilia mstari, wanaume huku wanawake kule, halafu pembeni mnaandika kaongea kama nani, hapo ndo penyewe. Sisi siku ya kwanza wanaume walikuwa waziri, mkandarasi, daktari, mchambuzi wa mpira. Wanawake? Mama aliyeingiliwa na mafuriko na mwingine anayeshukuru kuletewa maji. Kijana akasema tukimtoa Rais Samia hesabu inakufa kabisa, sikuweza kubisha. Na si Bongo tu, kuna mradi wa kimataifa unaitwa GMMP wanahesabu hivi hivi kila miaka 5, mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaosikika na kutajwa kwenye habari, 2020 wakafika 25. Miaka 25 yote hiyo!

Siku nyingine wekeni video ya muziki halafu zima sauti. Bila biti mtashangaa. Uliza tu, huyu dada ana jina? Anafanya nini zaidi ya kukata kiuno? Kamera imeanzia usoni au wapi? Mbona jamaa kavaa koti la manyoya na joto lote hili la Dar na dada karibu hana nguo? Wacheke, we usihubiri.

Bongo muvi ndo rahisi zaidi maana wanawake wake mnawajua kabla haijaanza: mama mkwe mkorofi, dada wa kazi anayemtaka baba mwenye nyumba, mdangaji wa mjini, na mke mvumilivu anayelia mpaka sehemu ya pili. Waulize nani hapo ana kazi inayoonekana.

Kwenye picha, mpige binti picha ya kawaida na ya filta mbele yake, aone pua inavyochongwa na rangi inavyopanda. Ufaransa tangu Oktoba 2017 tangazo la biashara likiwa na modo aliyepunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa, ila kwenye simu ya mwanao mwandishi ni wewe. Na mkorogo mwambie ukweli wake, mwingine una zebaki, na zebaki inaua figo.

Akitokea shemeji wa kusema "hiyo ni burudani tu", mpe habari ya Fiji, nchi ya visiwa kule Pasifiki. Kule mwili mnene ulikuwa sifa, kama pwani kwetu. TV ikaingia mkoa wa Nadroga 1995, mtafiti Anne Becker akawapima mabinti wa shule mwaka huo na tena 1998. Mwanzo hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue, miaka mitatu baadaye ni asilimia 11.

Sasa kaka mtu, usimwache, mi naona yeye ndo anahitaji zaidi. Mpe kichwa cha habari kama "Mwanamke auawa kisa wivu wa mapenzi" muulize muuaji yuko wapi kwenye hiyo sentensi. Wangu alitafuta weee, hayupo. Nikamwambia aandike upya, akaandika "Mume amuua mkewe", akakaa kimya kidogo halafu akaenda kusoma komenti zinazouliza marehemu alifanya nini.

Losheni bado hatujamalizana, juzi nimeona kopo lingine. Ila mara mbili kwa wiki inatosha, ukizidisha wakikuona tu na rimoti wanakimbilia chumbani.