Kupima umbali wa adui bila kupiga sona kwenye Dangerous Waters, mchezo wa kompyuta wa nyambizi na meli za kivita

Mlio mmoja wa sona (chombo cha kutafuta meli kwa sauti majini) hukupa umbali wa adui papo hapo, lakini naye anajua ulipo. Ukisikiliza tu unapata uelekeo peke yake, na uelekeo hautoshi: meli ya karibu inayojikokota na ya mbali inayokwenda mbio huweza kuhama kwenye dira kwa kiasi kilekile. Kinachozitenganisha ni mwendo wako wewe. Ukigeuza nyambizi, uelekeo wa meli ya karibu hubadilika sana, wa ile ya mbali kidogo. Hesabu yake hujulikana kwa jina la Ekelund, afisa wa jeshi la majini la Marekani.

Tuseme adui yuko kaskazini, nyuzi 000. Nenda noti 6 (maili 6 za bahari kwa saa) kuelekea 060. Mwendo wako wa kukata mstari wa kwenda kwa adui ni 6 × sin 60, yaani noti 5.2 kulia. Shika njia hiyo dakika 4, hicho ndicho kipande cha kwanza, uandike uelekeo kila dakika. Tuseme uelekeo umehama nyuzi 1 kushoto: −0.25 kwa dakika.

Sasa geuka hadi 300. Mwendo wa kukata mstari unakuwa −5.2 (hasi ni kushoto). Usiandike chochote mpaka nyambizi inyooke na mkia wa sona (kebo ndefu ya vinasa sauti inayoburutwa) unyooke nyuma yake. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu mkia uliopinda hutoa uelekeo wa uongo. Kisha pima tena dakika 4. Tuseme uelekeo umehama nyuzi 8 kulia: +2.0 kwa dakika.

Tofauti ya mwendo wako (wa kwanza toa wa pili) ni 10.4. Tofauti ya kuhama (kwa pili toa kwa kwanza) ni 2.25. Umbali kwa mita:

1769 × 10.4 ÷ 2.25 = karibu 8,200

Huo ni umbali wa wakati ulipogeuka, si wa sasa. Namba 1769 inageuza noti na nyuzi kwa dakika kuwa mita.

Usiuamini mno. Ukikosea nyuzi 1 tu katika kipande kimoja, 2.25 inakuwa 2.0, na jibu linaruka hadi 9,200. Dawa ni kurefusha vipande au kugeuka kwa pembe kubwa zaidi. Kuongeza kasi kuna hatari yake: karibu na uso wa bahari rafadha (panga zinazosukuma nyambizi) huanza kutoa mapovu, na kelele yake husikika mbali.

Linganisha pia na kasi inayotokana na mizunguko ya rafadha ya adui. Katika mfano huu anakata mstari kwa noti 4 hivi. Rafadha ikionyesha 3, hesabu ina kosa, kwa sababu kasi yake yote haiwezi kuwa chini ya ile ya kukata mstari. Jibu likitoka hasi, kuna kipimo kibovu au adui amebadili njia katikati. Futa vipimo vyote, vya kipande cha kwanza pia, uanze upya.