Nyanya kubwa za mbegu za asili katika bustani ya nyumbani

Nyanya kubwa za asili zenye nyama nyingi, kama vile Brandywine na Cherokee Purple, huweza kutoa tunda moja lenye uzito wa nusu kilo, lakini mmea wake huzaa matunda machache, huchukua takribani siku 80 hadi 100 tangu kuhamishwa kutoka kitaluni mpaka kuivisha, na hauvumilii kabisa uzembe wa maji.

Sia mbegu kwa kina cha nusu sentimita katika udongo mwepesi wenye unyevu na joto la nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi. Miche ikifikisha wiki 6 hadi 8, ihamishie mahali penye jua la saa 6 au zaidi, ambapo kwa miaka 3 hapakupandwa nyanya, viazi mviringo, pilipili wala biringanya, kwani mimea hiyo huambukizana magonjwa yanayobaki udongoni. Changanya mboji iliyooza vizuri, acha nafasi ya sentimita 60 hadi 90 kati ya mche na mche, kisha fukia shina mpaka karibu na majani ya juu, kwa sababu sehemu iliyofukiwa huota mizizi mipya.

Simika nguzo ya mita 2 siku hiyohiyo, ili usije ukajeruhi mizizi baadaye. Vichipukizi vinavyoota kwenye makwapa ya majani vivunje kwa vidole vingali vidogo, ukibakiza shina moja au mawili. Majani yenyewe usiyamalize, maana tunda lililoachwa wazi huunguzwa na jua.

Sasa maji, ambayo kwangu ndiyo kazi yenyewe. Ukiona kitako cha tunda kina baka jeusi lililobonyea, tunda limekosa kalsiamu, lakini usikimbilie chokaa, kwa kuwa mara nyingi kalsiamu imo udongoni tele. Tatizo ni kwamba husafiri na maji, na udongo unapokauka haifiki kwenye kitako cha tunda. Udongo mkavu ukilowa ghafla, tunda nalo hupasuka. Kwa hiyo mwagilia kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki, ukielekeza maji kwenye shina bila kulowesha majani, badala ya kunyunyiza kidogokidogo kila siku, na tandaza nyasi kavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 8 bila kugusa shina. Mimi huchomeka kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka kikavu, namwagilia.

Tunda likibadilika rangi kiasi cha nusu, laweza kuchumwa likaivia ndani.

Mbegu zichukue kwenye mmea wenye afya kuliko yote. Zikamue pamoja na maji yake katika chombo cha kioo, uziache siku 2 au 3 mpaka utando wa ukungu utokee juu na ule ute unaozifunika uyeyuke. Mbegu nzuri huzama chini. Zisuuze, zianike kwenye sahani kivulini, kisha zihifadhi pakavu katika bahasha yenye jina na mwaka. Zikitunzwa hivyo, huota hata baada ya miaka 4. Kwa kuwa si chotara, zitazaa tunda lilelile, mradi aina nyingine za nyanya zilipandwa mbali, kwani maua ya baadhi ya nyanya hizi kubwa huchavushwa na nyuki kwa urahisi.