SOMO: Kuagiza vipuri vya nakala ya Lotus Seven ukiwa Mwanza

Wakuu, naandika mara moja kwa sababu kila wiki naulizwa lile lile: "Vipuri unatoa wapi?" Someni kwanza, ndipo muulize.

Seven halisi, kigari chepesi cha wazi cha Lotus, ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1957, na tangu 1973 kampuni ya Caterham ndiyo inayoiendeleza. Kwa hiyo vipuri vya nakala zake tafuta huko. Usukani wao ni wa kulia kama wetu, hivyo steringi raki haitakusumbua.

1. Injini, giaboksi na difu: usiagize. Tafuta Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono iliyogongwa, yenye injini ya 3S-GE. Chukua na waya zote na kompyuta yake.

2. Andika orodha, piga picha, pima.

3. Habu za mbele (vitovu ambavyo rimu hufungwa). Hapa ndipo nilipokwama. Vipuri vingi vya mbele vya Seven za kujitengenezea vinatokana na Ford Cortina au Sierra: boliti 4, zimepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 108. Nyuma, kwenye habu za Altezza, ni boliti 5, milimita 114.3. Ukiagiza bila kuuliza, rimu za mbele haziingii nyuma, na spea moja haitoshi. Mwambie muuzaji akutobolee habu 5 kwa 114.3, akutumie picha yenye kipimo KABLA hujalipa. Spesa za kuunganisha rimu na habu zisizolingana usizikimbilie: zinatoa tairi nje na kuumiza bearingi. Halafu angalia nyuzi za boliti na nati! Toyota ni milimita, lakini baadhi ya vyuma vya Uingereza ni vya inchi. Nati ikianza kuingia kwa nguvu, acha. Agiza nati zake pamoja.

4. Invoisi itaje kila kipuri na bei yake ya kweli. Ushuru unapigwa juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja, kisha inakuja VAT ya 18%. Muuzaji asiandike "zawadi". Ukikamatwa ni wewe.

5. Kreti ya mbao iwe na muhuri wa ISPM 15, yaani mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu.

6. Dar hadi Mwanza: lori.

MASWALI

Mdau, Igoma: Jumla ni shilingi ngapi?
Jibu: Soma hatua ya 4.

Mdau, Igoma: Nimeomba makadirio tu mkuu.
Jibu: Makadirio ya nini? Hujataja hata kipuri kimoja. Leta orodha na uzito, tutapiga hesabu.

Mdau, Musoma: Kaka, pua ya faiba (bodi ya mbele ya gari) ni nyepesi, si nilete kwa ndege?
Jibu: Swali zuri dada. Ndege inatoza pia nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6000. Boksi la 100 kwa 60 kwa 40 linahesabiwa kilo 40, hata mzani ukisoma kilo 5. Leta kwa meli, kontena la kuchangia.

Mdau, Bukoba: Na mafundi wa boti za faiba hawawezi kuitengeneza?
Jibu: Wanaweza, tena vizuri. Azima pua moja, wakutolee umbo (moldi), na madigadi wafanye hapo hapo. Umbo lipakwe nta tabaka kadhaa, la sivyo faiba haibanduki.

Mdau, Bukoba: Resini yangu inaganda kabla sijamaliza kupaka.
Jibu: Joto hilo. Anza alfajiri, changanya kidogo kidogo, na hadina (dawa ya kugandisha) isizidi kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Ukitoa ya kwanza weka picha hapa, nataka kuiona.