Somo: Kupiga profenofosi kwenye nyanya za kando ya ziwa

Bustani za nyanya na kabichi huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe mpaka Magu, zinapigwa dawa mara kwa mara, na ninayoikuta zaidi kwenye mabomba ni profenofosi: ile ya 720EC, au ile ya 440EC iliyochanganywa na saipamethrini. Wakulima wanaipenda kwa sababu inaangusha vidukari na viwavi upesi. Kazi yake inaiweza, sibishi. Ila ni oganofosfeti, kundi la dawa zinazoshambulia neva, na oganofosfeti haichagui.

Mwilini kuna kimeng'enya kinachoitwa asetilikolinesterasi. Neva ikishatuma ujumbe kwenye msuli au tezi, chenyewe ndicho kinachouzima. Dawa hii inakishika, ujumbe unabaki umewaka, mdudu anatetemeka mpaka anakufa. Sato, kuku na wewe mwenyewe mnacho kimeng'enya hichohicho. Shirika la Afya Duniani limeiweka profenofosi kundi la II, yaani hatari ya wastani, ndiyo maana lebo ina mstari wa njano. Hilo neno wastani lisikulaze usingizi: 720EC maana yake ni gramu 720 za sumu kwenye kila lita.

Hatua ya 1: Dukani. Angalia namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), jina la zao na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda usinunue hata kama ni bei ya kutupa.

Hatua ya 2: Kuchanganya. Hapa ndipo watu wengi wanapodhurika, kabla hata bomba halijapanda mgongoni. Ukiwa shambani dawa imeshazimuliwa. Ukiwa unachanganya unashika ile kali yenyewe. Tazama kijana anavyopima kwa kifuniko cha chupa: anamimina, inafurika, inateremka kwenye vidole, anajifutia kwenye suruali, anaendelea. Ile suruali sasa inamnywesha sumu kupitia paja mpaka jioni, maana dawa hii imeyeyushwa kwenye mafuta na inapenya ngozi bila kuwasha sana. Barakoa amevaa, mikono iko wazi! Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua glovu za mpira kwanza, ndefu, zisizo na kitambaa ndani. Pima kwa kikombe chenye alama za mililita, na kisirudi jikoni. Jaza maji nusu bomba, weka dawa, malizia maji. Mchanganyiko utakuwa mweupe kama maziwa, kwa hiyo watoto wasikae karibu na ndoo.

Hatua ya 3: Kupiga. Tumezoea kuambiwa tupige alfajiri. Kando ya ziwa hiyo ina kasoro: usiku mpaka asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na dawa inakwenda nao. Mchana unageuka. Mimi nashauri jioni upepo ukitulia, nyuki wakiwa wamesharudi mzingani. Vaa gambuti, suruali iwe nje ya buti, na tembea upepo ukiwa mgongoni. Nozeli ikiziba usiipulize kwa mdomo. Na zile mita 60 kutoka ufukweni zilizotajwa kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, ziheshimuni.

Hatua ya 4: Kumaliza. Bomba lisioshwe ziwani. Maji ya kusuuzia yarudishe shambani. Chupa isuuze mara tatu, itoboe, isiwekwe mafuta ya taa wala maji ya kunywa. Profenofosi ni kali sana kwa samaki. Wenye umri wanakumbuka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu za viuatilifu. Kisha oga kwa sabuni, na nguo zifuliwe peke yake.

Maswali ya wanakikundi

*Kisesa: Mwangaluka, bwana shamba. Mume wangu akitoka kupiga dawa anaumwa kichwa na kutoka jasho, tunampa maziwa na dawa ya malaria. Tunakosea?*

Mwangaluka, mama. Maziwa hayaondoi sumu hii. Malaria kapimeni, lakini mtazame pia: mate mengi, machozi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza, kifua kinakoroma? Hiyo ni sumu ya dawa aliyopiga. Mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi ukiwa umevaa glovu, usimtapishe, mkimbize hospitali na lebo ya chupa. Huko kuna atropini, inayokausha kifua apate kupumua.

*Magu: Naongeza sabuni ya unga ili dawa ishike kwenye majani. Sawa?*

Unaiharibu. Sabuni ya unga na majivu hufanya maji yawe ya alkali, na humo profenofosi huvunjika ndani ya saa chache.

*Nansio: Inzi wanatumaliza kwenye dagaa wa kuanika. Nikipulizia kidogo tu?*

Hapana, kaka. Dagaa analiwa mzima, na jua halimalizi sumu. Anika kwenye chanja, funika kwa wavu.

*Sengerema: Mbona tulipuliziwa Actellic ukutani, nayo si oganofosfeti?*

Ni oganofosfeti, pirimifosi-methili. Kwa panya wa maabara sumu yake ni ndogo kuliko profenofosi kwa zaidi ya mara nne, na ile ya dawa ukoko imefungwa kwenye vidonge vidogo visivyoonekana, inapulizwa kwa kipimo na watu waliofunzwa, nyie mkiwa nje. Ya nyanya usiipeleke chumbani kuulia kunguni.

*Igoma: Nafanya kibarua cha kupiga dawa, leo kwa huyu kesho kwa yule. Nikivaa vizuri kuna shida?*

Ipo. Kimeng'enya kilichoharibika hurudi polepole, kwa wiki kadhaa, kwa hiyo dozi ndogondogo zinajumlishana. Ndiyo maana mtu anaanguka siku ambayo hata hakupiga nyingi. Pokezaneni na mwenzako, wiki moja bomba, wiki moja palizi. Ukianza kuona ukungu machoni, acha siku hiyohiyo ukapimwe damu.

*Buswelu: Kantangaze (nondo anayeharibu nyanya) haifi na hii dawa, niongeze kipimo?*

Usiongeze. Imeshajenga usugu kwa dawa nyingi za kundi hili, na buu liko ndani ya jani. Badili kundi la dawa, tega mitego, choma mabaki ya nyanya.