Jinsi ya kumpima upya James Buchanan, rais anayeshika mkia Marekani

Kila wakitoa listi ya marais wa Marekani kuanzia bora mpaka hovyo, ukitaka kumwona James Buchanan usihangaike, anza kusoma kutoka chini. Huyu ndo rais wa 15, alikaa 1857 mpaka 1861 kabla ya Lincoln, na vita ya wenyewe kwa wenyewe, kaskazini dhidi ya majimbo ya kusini yaliyong'ang'ania utumwa, ikalipuka wiki tano tu baada ya yeye kuondoka. Sasa kama unataka kumpima upya, iwe ni insha ya chuo au mnabishana tu na washkaji, mi nafanya hivi.

Kwanza usiingie na nia ya kumsafisha, wengi wanaanza na kupima wanaishia kuwa mawakili wake. Chukua karatasi uigawe safu tatu: aliyoyakuta, aliyoyafanya kwa mkono wake, na yaliyomkuta dakika za mwisho. Alafu kila lawama utakayokutana nayo iulize tarehe kwanza kabla hujaipa safu. (Habari za kwamba hakuoa maisha yake yote ziache, hazisaidii kitu hapa.)

Ya kwanza inajaa chap. Sheria ya Kansas na Nebraska iliyochokonoa upya ugomvi wa utumwa ni ya 1854, jamaa yuko London ni balozi, na kiukweli hiyo ndo ilimbeba chama chake cha Demokrati wakampitisha agombee, maana wenzake wote walikuwa wamechafuka na yeye hakuwepo.

Ya pili usiwe na haraka nayo. Watu wanamlaumu kwamba hakufanya kitu, mi naona balaa lake ni yale aliyoyafanya. Chukua kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani. Kabla hata hajaapishwa Buchanan anaandikiana barua na majaji wa Mahakama ya Juu, anamsukuma jaji Grier, mtu wa kwao Pennsylvania, aungane na wale wa kusini, alafu tarehe 4 Machi 1857 anasimama mbele ya umati anasema uamuzi wowote utakaotoka yeye ataupokea kwa moyo mkunjufu, wakati mwenzetu alishajua unaelekea wapi! Siku mbili baadaye ukatoka: mtu mweusi si raia, na Bunge haliwezi kuzuia utumwa kwenye maeneo ambayo hayajawa majimbo.

Bado Kansas, eneo lililokuwa linataka kuwa jimbo. Watetezi wa utumwa wakaandika katiba yao pale Lecompton, wakazi wengi hawaitaki, Buchanan akaipigia debe Bungeni mpaka akakosana na Stephen Douglas, kigogo wa chama chake mwenyewe. Agosti 1858 wakazi walipopewa kura ya kuamua hatma yake wakaitupa, zaidi ya 11,000 kwa wasiofika 2,000. Ule ufa kwenye chama haukuzibika, 1860 Demokrati wakaenda kwenye uchaguzi na wagombea wawili na Lincoln akapita.

Safu ya tatu ndo mahali mzee anapata ahueni kidogo. Jimbo la South Carolina lilijitoa Marekani tarehe 20 Desemba 1860, mpaka anakabidhi ofisi yameshaondoka majimbo saba. Yeye alisema majimbo hayana haki ya kujitoa ila serikali nayo haina mamlaka ya kuyalazimisha yabaki, na hapo ndo watu wanamcheka mpaka leo. Lakini kabla hujacheka jiulize angewalazimisha na nini, jeshi zima lilikuwa askari kama 16,000 na wengi wametawanyika huko magharibi. Ngome ya Sumter, ya jeshi la serikali kuu pale South Carolina, hakuiachia. Januari 1861 alituma meli ya Star of the West ipeleke askari na chakula, ikapigwa mizinga ikageuza.

Ila angalia usinogewe na huruma. Utasikia alizungukwa na mawaziri wa kusini, Floyd wa vita, Cobb wa hazina, Thompson wa mambo ya ndani, na ni kweli, sasa nani aliwateua? Hiyo irudishe safu ya pili.

Utetezi wake mwenyewe, aliochapisha 1866, usome mwisho kabisa. Mzigo mkubwa anawatwika watu wa kaskazini waliopinga utumwa. Shika kalamu, na kila akikuvuta kwenye ile miezi minne ya mwisho we mrudishe Machi 1857.