Tishali kuukuu la mtoni: kagua tumbo kwanza, nyumba baadaye

Jamani mnaoniuliza kuhusu kununua penishi, yale matishali marefu ya mifereji ya Ufaransa, mligeuze nyumba, msianze na jiko. Anzeni kuuliza lilikuwa linabeba nini.

Mpango wa Freycinet, waziri wa ujenzi wa Ufaransa, wa 1879 uliweka malango ya mifereji (vile vyumba vya kupandishia na kushushia vyombo) mita 39 kwa 5.20, ndo maana mengi yana 38.50 kwa 5.05, yaani likiingia langoni limebakiza sentimita saba na nusu kila upande. Kwa hiyo mikwaruzo ya ubavuni isikutishe sana, ni alama za kazi. Lililobeba makaa ya mawe ndo ushuku sakafu ya ngama, yaani chumba cha mizigo, makaa yana salfa na yakilowa yanakula chuma toka ndani. La mchanga limegongwa na ndoo za kreni miaka nenda rudi. La ngano lina nafuu.

Alafu lipandishe gudi, pale vyombo vinapotengenezewa nje ya maji, usikubali kulikagua likiwa majini hata mwenyewe aape vipi. Lisuguliwe, fundi apime unene wa bati kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, azidishe kwenye mstari wa maji na kule tezi, yaani nyuma, chini ya injini, maana maji machafu yanalala hapo. Bima nyingi zinataka milimita 4. Kama ni la ribiti, yaani bati zimeungwa kwa pini za chuma zenye vichwa, pitisha kidole kichwa kwa kichwa, mimi nilikuta kimoja kimelika kama kipande cha sabuni ya kufulia, nikagonga kidogo tu na nyundo kikadondoka!

Sasa uzito, hapa wengi wanakosea. Chombo kilizoea tani 250 na ushee tumboni, ukitoa mzigo kinaelea juu juu, kinayumba na madaraja mengine hakipiti, so weka uzito kabla ya mbao, vipande vya zege au chuma vinavyotoka. Usimwage zege juu ya bati, kutu ikianza chini yake hutaiona tena.

Na kamba. Louise-Catherine la Paris, tishali la zege la 1915 lililobeba makaa, mbunifu majengo Le Corbusier aliligeuza bweni la Jeshi la Wokovu 1929, likazama Februari 2018 mafuriko ya mto Seine yakiwa yanashuka, wakaliinua 2020. Mto ukipanda kila mtu yuko macho, ukishuka watu wanalala na chombo kinaweza kukalia gati kikapinduka. Usiku huo zungukia kamba kila saa, sukuma chombo mbali na ukingo.